Mimi na Mama Mukwe Kwenye Njia ya Kijito Cheupe

Mwaka ule mke wangu aliambiwa alale, na mama yake akaambiwa atembee. Maagizo yote mawili yalitoka kwa muuguzi mmoja hapa Kasongo, katika juma moja. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita iliyokuwa ikimsumbua. Asiinue ndoo, asiende sokoni. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa amekuja kutoka Wamaza kwa pikipiki, miguu imevimba, na muuguzi akamwambia kwamba dawa peke yake haitoshi, lazima kila asubuhi atembee mpaka jasho litoke.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa mji. Nyuma yake kuna njia inayoshuka kati ya mihogo na michikichi mpaka kwenye kijito. Kijito hicho hupita juu ya pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake huuchimba na kupaka kuta za nyumba, na siku zisizo na mvua maji yake huwa maangavu, unaona kila jani lililozama. Njia inafuata maji kuelekea juu, inavuka kwa gogo, inarudi upande wa pili kupitia mashamba ya mpunga, inapanda kilima chenye mianzi, kisha inatokea kwenye barabara ya baiskeli inayokurudisha nyumbani. Mtu mwenye miguu mizuri anamaliza mzunguko mzima kwa saa moja na nusu.

Siku ya kwanza mama mukwe alikwenda peke yake. Alirudi jua likiwa kichwani. Mahali njia inapogawanyika alikuwa amefuata ile ya mashimo ya pemba, akapotea huko, na mwiba ukamchoma kidole cha mguu. Kidonda kwa mtu wa sukari si mchezo. Mke wangu akasema kutoka kitandani, "Lazima mutu amusindikize."

"Mutu gani?" nikauliza.

Kaka yake wa pekee alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nafundisha shule ya msingi zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi sina kazi. Alinitazama tu.

Shida ni kwamba kwetu mwanaume hatembei na mama mukwe. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Hamli pamoja, hamshikani mikono, hamtazamani machoni. Si chuki; ndiyo heshima yenyewe. Alipofika kwetu, mke wangu alitundika kitenge mlangoni pa chumba chake, nami nikaanza kuingia na kutoka kwa mlango wa nyuma. Miaka tisa ya ndoa, na nilikuwa sijui hata kama mama huyo ana meno yote.

Basi mke wangu akatupatanisha, akizungumza mara na mimi, mara na mama yake nyuma ya pazia. Mimi nitatangulia, mama atafuata, tusionane. Nitachukua panga nifyeke miiba. Kwenye njia panda nitalaza tawi la majani juu ya njia isiyofaa, kama tulivyofanya utotoni tukienda shambani. Na kila baada ya kitambo nitakohoa. Mama akisikia, naye atakohoa, ili nijue hajaanguka.

Ndivyo tulivyoanza. Nilikuwa naondoka jua linapochomoza, nafyeka, nakohoa, nasimama kusikiliza. Nyuma ya kona, kikohozi chembamba kinajibu. Nasonga mbele. Juma la pili, mama mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga aliinuka, mikono kiunoni.

"Mwalimu," akasema, "jamaa yako yote iko na kifua? Muende santé, muuguzi awaone!"

Nilicheka, nikamweleza. Naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta.

Nadhani mama mukwe aliyasikia maneno yale, maana siku iliyofuata hakukohoa. Alisema. Lakini hakusema na mimi.

"Eh, kijito," nikasikia sauti kutoka nyuma ya kona. "Mwenye kufyeka njia ameacha miiba hapa kwenye kisiki. Umwambie."

Nilisimama na panga mkononi. Mwishowe nikayageukia maji. "Kijito, umwambie mama anisamehe. Kesho miiba haitakuwapo."

Kesho yake sauti ikaja tena. "Kijito, aksanti. Umwulize kama mutoto wangu alikula jana."

"Alikula, kijito. Wali na sombe, sahani mbili."

"Nani alipika ile sombe?"

"Mwalimu mwenyewe. Ndiye aliyetwanga majani ya muhogo."

Kandambili zake zikapiga hatua mbili tatu. Kisha, "Umwambie chumvi ilikuwa mingi."

Kuanzia hapo kijito hakikupumzika. Kilinipasha habari za mashamba ya Wamaza, za karanga zilizoliwa na panya, za mume wake marehemu aliyekuwa hapendi kelele. Kiliniuliza kwa nini watoto wa siku hizi wanaandika vibaya. Nami nilikiambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba niliogopa ile mimba, kwa sababu mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Siku hiyo tulivuka mashamba ya mpunga, tukafika kwenye mianzi. Halafu sauti ya nyuma ikasema polepole, "Kijito, mimi pia mbili zangu za kwanza zilitoka. Ya tatu ndiyo huyu anayelala kwa mwalimu."

Nilitembea sehemu iliyobaki macho yakiwa na maji.

Mwezi wetu wa pili wa kutembea ikaja mvua kubwa. Asubuhi kijito kilikuwa kimejaa, cheupe kama maziwa kwa ule udongo, na gogo lilikuwa limesogea kidogo kutoka mahali pake. Nilivuka nikalijaribu kwa miguu; likatulia. Nikakiambia kijito kwa sauti kwamba kuna utelezi, mama apite polepole, nikaenda kujificha kwenye kichaka ng'ambo.

Nilisubiri. Nikakohoa. Hakuna aliyejibu. Nikakohoa tena.

Nilipochungulia, alikuwa katikati ya gogo, amekaa kama mtu aliyepanda farasi, kandambili moja imekwenda na maji. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na kichwa kinalala. Baadaye tulijua: alikuwa amemeza dawa bila kula, na sukari ilikuwa imeshuka.

Nilikimbia mpaka kwenye gogo, kisha nikasimama. Sasa hivi naona aibu kusema kwamba nilisimama, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwili wangu ulikuwa umezoea kumkimbia. Nilikata mti mwembamba, nikamnyooshea ncha yake, uso nimeugeuzia upande.

"Mama, shika fimbo."

Aliishika, ikamponyoka. Aliishika tena.

"Baba," akasema, na mara hii hakuwa anasema na kijito. "Acha fimbo. Leta mukono."

Nilipanda gogo kwa magoti mpaka alipo. Nikamgeuzia mgongo, akanishika shingoni, nikarudi naye nikitambaa, maji yakipiga viatu vyangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimkalisha kwenye majani, nikatoa ndizi mbivu mbili nilizobeba kwa ajili yangu, nikamenya moja, nikamwekea mkononi. Akaila. Nikamenya ya pili.

Kisha nikageuka, tukakaa tumepeana mgongo, kila mmoja akitazama upande wake wa bonde. Polepole pumzi yake ikatulia.

"Miaka tisa," akasema nyuma yangu, "mimi nakujua kwa viatu tu. Ile siku ulikuja kumwomba mutoto wangu, viatu vilikuwa vya kuazima. Viliachama kisiginoni. Nikasema, huyu hana kitu, lakini amejua kuinamisha kichwa."

"Vilikuwa vya mwalimu mwenzangu, mama."

"Nilijua." Akacheka. Nilisikia kwamba meno hayakuwa yote.

Nyumbani mke wangu alilia kwanza, kisha akataka nimsimulie tena lile la ndizi. Aliwapigia simu wakubwa wa ukoo huko Wamaza, kwa kuwa mwiko ulikuwa umevunjwa. Shangazi yake hakukasirika. Alisema njia ya kurekebisha ipo: mimi nitoe kuku jike na kitenge, mama atoe jogoo, tule sahani moja mbele ya mashahidi wawili, basi, tusikimbiane tena. Jumapili iliyofuata tukala. Mama wa shamba la mpunga alikuwa shahidi mmoja. Sombe alipika mama mukwe mwenyewe, na kusema kweli ilikuwa bora kuliko yangu.

Hatukuacha kutembea. Ila sasa yeye ndiye alitangulia, na mimi nikamfuata hatua kumi nyuma, nikijifunza majina ya uyoga kwa Kibangubangu. Binti yetu alizaliwa salama mwanzoni mwa kiangazi. Bibi yake ndiye aliyempokea kutoka kwa mkunga na kumweka mikononi mwangu. Alikaa kwetu mwezi mmoja zaidi, kisha akapanda pikipiki kurudi kwenye karanga zake, miguu imepungua uvimbe, viatu vipya vimefungwa vizuri.

Asubuhi ya kwanza baada ya yeye kwenda nilitoka peke yangu. Sijui kwa nini, nilianza na barabara ya baiskeli, nikauzunguka mzunguko kinyume. Niliteremka kupitia mianzi badala ya kuipanda, na bonde lote likafunguka mbele yangu. Kwa mbali, juu ya mpunga uliokuwa unakaribia kuvunwa, kulikuwa na nyumba tatu zenye kuta zilizopakwa pemba upya. Nilikuwa nimepita chini yake miezi minne nikizipa mgongo, na sijaziona. Nilikaa kidogo nikazitazama, kisha nikaenda kujitayarisha kwa shule.