Kisu cha Mkono wa Kushoto

Watu walimwita Chapuchapu, na jina hilo halikutokana na mwendo wake, maana alitembea kama mtu anayehesabu mawe ya njiani. Lilitokana na visu. Ulimpelekea kisu chako cha kukunja, kile kinachofunguka kwa kucha mbili na dua, naye akakurudishia kinachofunguka chenyewe kikitoka mfukoni. Mgongoni mwa bapa alitia kikucha kidogo cha chuma. Kikucha kinanasa ukingo wa mfuko, wewe unavuta, na kisu kinatoka kikiwa wazi. Mkono mmoja tu. Wateja wake walikuwa wakata miti na mafundi umeme, watu ambao mkono wa pili una kazi ya kuwazuia wasianguke. Vijana wa fujo aliwafukuza. "Kama unataka kutisha watu, wanunie tu," aliwaambia. "Sura hiyo inatosha."

Tena alikuwa msumbufu. Hakushika tupa kabla hajauona mfuko wenyewe. Ni wa kulia au wa kushoto? Kitambaa kizito au chepesi? Mkata miti mmoja alivuliwa suruali mle kibandani, akabaki na bukta, huku fundi akilipima pindo kwa kidole. "Kisu ni nusu ya kazi," alisema. "Nusu ya pili ni mfuko."

Mkewe alifanya kazi kwenye ghala la nafaka, miaka kumi na mmoja akikata kamba za magunia. Asubuhi moja alianguka jikoni. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na mguu wa upande huo aliuburuta. Chapuchapu aliogopa, hakuna neno jingine. Alimlisha, alimwogesha, lakini haraka haraka, macho pembeni, kama amebeba chombo cha kuazima. Mazungumzo yakaisha nyumbani. Wakawa wanasikilizana wakitafuna.

Ndipo siku moja fundi akaja na wazo. "Nitakutengenezea kisu cha mkono wa kushoto," akasema. "Utarudi kazini, na hakuna atakayekuonea huruma."

Mkewe alimtazama kitambo, akafungua mdomo, akaufunga. "Haya," akasema.

Fundi hakuwahi kutengeneza kisu kwa roho moja namna ile. Alimshonea mfuko kwenye sketi, upande wa kushoto, kwa mishono mibaya ya mwanamume. Kila jioni walikaa kwenye benchi mlangoni, yeye kauweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe: shika hapa, sukuma nyuma, sasa vuta. Kisu kikaanguka. Kikaanguka tena. Siku kilipofunguka vizuri kwa mara ya kwanza mkewe alicheka, kicheko cha upande mmoja, na fundi naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Kidogo kidogo maneno yakarudi nyumbani. Wakawasengenya majirani. Wakagombana juu ya chumvi, na ugomvi ule ulikuwa mtamu.

Miezi miwili ikapita, mama yule akawa hodari. "Jumatatu twende ghalani," mumewe akasema.

"Jumatatu ijayo."

Zikapita Jumatatu tatu. Fundi alidhani ni woga. Ya nne alisema piga ua lazima waende, akamshika upande wa kulia, ule mbovu, wakaenda asubuhi na mapema.

Langoni walikuta watu wanashusha mzigo, wamevaa makoti ya kahawia. Jicho la fundi, kwa mazoea yake, likaenda kwenye mifuko. Ilikuwa imeshonwa. Midomo ya mifuko yote, koti kwa koti, imefungwa kwa uzi mnene mweupe.

"Ndugu, mifuko imefanyaje?" akamuuliza mchukuzi mmoja.

"Wizi wa nafaka, mzee. Hapa huingii na mfuko. Hata visu ni vya ghala, vimefungwa mnyororo mezani."

"Tangu lini?"

"Mimi nina miaka tisa, nimeikuta hivihivi. Muulize mama hapo, yeye ni mwenyeji wangu."

Makoti yalikuwa yakibaki ghalani na kufuliwa hukohuko, kwa hiyo fundi hakuwahi kuliona la mkewe. Lakini hicho kilikuwa kisingizio, na alikijua. Watu baki aliwavua suruali. Ila yeye hakumuuliza mkewe hata siku moja anavaa nini kazini. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini walau anajua kwamba ana nywele.

Akageuka. "Ulijua."

"Nilijua."

"Basi ungesema! Ningetafuta njia nyingine, ningekwenda kwa msimamizi..."

"Msimamizi alikuja hospitali, mume wangu. Ulikuwa umetoka kufuata dawa. Nafasi yangu ilishapata mtu."

"Miezi yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe aliinua uso. "Ningekuambia, ungeacha. Tangu nianguke ulikuwa hunitazami. Ukaja na kisu chako, ukawa unanishika mkono kila jioni. Nikasema, acha nijifunze." Akaugusa mfuko wa sketi. "Nilikuwa nimeshakiweza zamani. Vile kilivyokuwa kinaanguka, mara nyingine nilikiangusha kusudi."

Chapuchapu alilia palepale langoni, mbele ya wachukuzi, bila kujificha. Hakuna aliyemcheka. Alipotulia akanyoosha mkono amshike mkewe warudi, upande wa kulia kama kawaida.

"Si huo, una ganzi," mkewe akasema. "Pita huku, nikusikie."

Akazunguka, akaushika mkono wa kushoto. Mguu mbovu ukakosa wa kuuegemeza, kwa hiyo walikwenda polepole sana, na jua lilikuwa limeshawaka walipofika nyumbani.