Aliyevaa Koti Kuhudhuria Harusi ya Televisheni

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, lori la miraa lilipovunjika springi karibu na Garbatulla, tukalazimika kumsubiri fundi katika duka la Mzee Guyo. Nilikuwa nimemaliza shule juzi tu, nami nilijiona nimekwisha kusoma vitabu vyote vinavyostahili kusomwa. Mwenzangu alikuwa Mwirigi, mwana wa wakulima wa milimani aliyekuwa ameanza kuuza miraa, kijana ambaye kicheko chake kilifika mahali kabla yake. Mzee Guyo alikuwa Mborana wa rika la babu zetu. Redio yake aliivisha ngozi ya mbuzi ili vumbi lisiingie.

Kwa desturi ya wazee wale, mgeni haachwi anywe chai kimya. Huulizwa habari, naye huzitoa kwa mpangilio: watu kwanza, mifugo baadaye, mvua na malisho mwisho. Tulikuwa tumemaliza kutoa zetu redio ilipoanza taarifa ya saa saba. Mwishoni mtangazaji akatupia kioja, kama ilivyo ada yao, ili wasikilizaji wasiondoke na huzuni za siasa. Huko ng'ambo, alisema, mwanamke mmoja tajiri amefariki na kumrithisha paka wake nyumba.

Mwirigi alicheka hata akamwaga chai.

"Paka landilodi," alisema. "Sasa panya watakuwa wanaomba kwake chumba?"

Nami nilicheka, ingawa kwa kujizuia kidogo, kama inavyompasa msomi. Mzee Guyo hakucheka. Aliizima redio, akatutazama.

"Huyo mama, watu yake ilikuwa wapi?"

"Mzee, hiyo ni kichekesho tu," Mwirigi alisema.

"Nimesikia paka. Nimesikia nyumba. Watu sijasikia. Hiyo habari ni nusu, kijana. Ambia huyo mtu arudishe."

"Hawezi rudisha, mzee. Ni redio."

"Basi wewe usicheke habari nusu. Ngoja ile ingine ifike, ndio ucheke, kama bado utataka."

Njia nzima ya kurudi Isiolo, Mwirigi alimwigiza mzee yule, sauti, ndevu na yote. Maneno yake yakageuka utani wetu wa miaka mingi. Tukisikia mtu amepanda mlingoti kuomba kazi, mmoja wetu humwuliza mwenzake, "Watu yake ilikuwa wapi?", nasi hucheka hadi tushike mbavu. Tuliyabeba maneno ya hekima mfukoni kama njugu, tukayatafuna njiani, tusijue ni chakula.

Mwanangu, kuishi kwingi ni kuona mengi, na siku hizi hata kuishi si lazima, kumiliki simu kunatosha. Kabla sijaswali alfajiri, simu imekwisha kuniarifu kwamba mwanamuziki fulani amelia mbele ya waandishi wa habari kwa kuachwa na mchumba, na kabla machozi hayajakauka ameanza kutangaza manukato. Jogoo ameshtakiwa kwa chifu kwa kuwika mapema. Kijana amemvisha mbuzi joho la mahafali, eti ndiye aliyemlipia masomo. Huyo wa mwisho sikumlaumu sana, maana alikuwa akisema kweli. Mbuzi wengi wa mnada wa Oldonyiro wamesomesha madaktari.

Nasoma, nacheka peke yangu, nasogeza kidole. Mke wangu amekwenda Nairobi kulea mjukuu, na kila akitaka kurudi mjukuu mwingine huzaliwa. Wanangu wametawanyika. Zamani mtoto aliye mbali alituma salamu. Wangu hutuma vioja. Kioja hakingoji jibu, kwa hiyo nyumba inaweza kuwa na vicheko asubuhi hadi jioni na isiwe na mazungumzo hata ya kujaza kikombe.

Hivi karibuni binti yangu alinitumia kanda fupi ya video. "Baba, huyu si wa hapo kwenu?" aliandika. Mtu fulani alikuwa amepiga picha kupitia dirishani. Ndani ya sebule ndogo, mwanamume amesimama wima mbele ya televisheni, amevaa koti jeusi na tai, mkononi ana zawadi iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Kwenye televisheni, katika mmojawapo wa michezo ya mapenzi ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, bibi harusi alikuwa akiingia kanisani. Yule mwanamume akapiga makofi. Kisha akaketi, akapakua pilau sahani moja.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kwa sauti katika nyumba tupu. Chini ya kanda watu walikuwa wameandika mengi: kwamba runinga imemdai mahari, kwamba bwana harusi amwangalie vizuri huyo mzee. Nikaitazama tena ili nicheke tena, na safari hii nikaifikisha mwisho, pale mwanamume alipogeuza uso kuelekea dirishani.

Alikuwa Mwirigi.

Nyumba yake iko mtaa wa Kulamawe, mwendo wa kutembea kutoka kwangu. Mkewe nilimzika kwa mikono yangu pamoja na majirani wengine, na siku ile nilimwahidi Mwirigi kuwa sitamwacha. Nikajikuta nikisikia lile swali la dukani, na halikuwa utani tena, kwa sababu nilijua jibu lake. Watu wake ni mimi.

Nilikwenda jioni ileile. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Nilibisha, nikabisha tena.

"Kama umekuja kupiga picha, picha imeisha," alisema kutoka ndani.

"Habari yako, Mwirigi."

Nyayo zikasogea mlangoni. "Ah, ni mwalimu," alisema, akiniita kwa kazi yangu ya miaka mingi. "Leo umekumbuka huku kuna barabara?"

Alifungua. Televisheni ilikuwa imefunikwa shuka, kama maiti. Hakuwa amekwenda sokoni tangu kanda ienee. Vijana wa stendi, alisema, wanamwimbia nyimbo za harusi. Nilitafuta maneno kwenye vitabu vyangu vyote, sikupata hata moja, ndipo nikakumbuka kwamba mgeni akitoka safari huulizwa habari.

"Harusi ilikuwaje?" nilimwuliza.

Alinitazama kuona kama namcheza shere. Akaketi.

"Ilikuwa mzuri," alisema. "Lakini bwana si mtu. Nimemwambia huyo msichana miezi mingi, hasikii."

Halafu habari ile nyingine ikafika. Binti yake, Kendi, aliolewa ng'ambo mwaka uliopita. Nauli haikupatikana, wakaahidiana kwamba baba ataitazama harusi kwa simu. Mwirigi alinunua koti. Alikaa kitini tayari, tai shingoni, na mlango wa kanisa ulipofunguliwa mtandao ukakatika. Uliporudi, watu walikuwa wanakula keki. Koti akalitundika. Na yule msichana wa mchezo, ambaye alikuwa akimfuatilia kila jioni tangu nyumba iwe kimya, alikuwa amefiwa na baba katika sehemu za mwanzo.

"Nilijua ni mchezo, mwalimu. Mimi si mjinga. Lakini alikuwa anaingia peke yake. Na koti ilikuwa hapo."

"Mbona hukunialika?"

"Nilikualika. Nilikupigia, ukaniambia una shughuli, nikutumie ujumbe."

Shughuli yenyewe siikumbuki. Yamkini nilikuwa nikimsoma jogoo.

Nilisimama, nikaitoa ile shuka kwenye televisheni, nikavuta kiti cha pili. Tulipowasha, wale maarusi walikuwa wamekwisha kugombana, vyombo vinaruka.

"Si nilisema?" Mwirigi alisema. Kisha akanigeukia taratibu. "Huyo msichana, watu yake ilikuwa wapi?"

"Walikuwa Kulamawe," nilimjibu, "na mmoja alichelewa."

Hapo kile kicheko cha zamani kikatoka, kimechakaa kidogo, lakini kilisikika hadi barabarani.

Mwanangu, wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika. Sikukatazi kucheka, aliyeumba dunia yenye ngamia hakutaka tunune. Nakuusia hili moja: kioja kinapokujia mkononi, kabla hujakituma kwa mwenzio, uliza watu wake walikuwa wapi. Mara nyingi nyuma ya kituko pana kiti kilichokosa mtu. Na ukigundua kwamba mtu huyo ulipaswa kuwa wewe, usiandike chochote chini ya picha. Vaa viatu, uende. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala ujumbe wa simu haukalii kiti.

Mwenyezi Mungu akupe mvua kwa wakati wake na maziwa yasiyopungua. Akupe nyumba ambamo salamu yako haikosi mwitikio. Na siku utakapovaa koti lako, kwa furaha au kwa msiba, asikose mtu wa kukuambia kwamba kola imekaa vibaya, na kukunyooshea.