Ratiba Isiyo na Saa

Nikinusa polishi nyeusi ya viatu, nageuka haraka kutazama jua limefika wapi. Wenzangu shuleni hushtuka hivyo wakisikia neno mtihani. Mimi ni polishi. Kwetu Springfield, hapa Marekani, kila Ijumaa alasiri, viatu vya nyumba nzima vilipangwa juu ya magazeti karibu na mlango, na mbio zikaanza: polishi, pasi, kuosha masufuria, kuchemsha mboga za chinsaga za kesho, kuoga, yote kabla jua halijazama. Sisi ni Wakisii, tena Wasabato, na jua likishazama Ijumaa hakuna kazi, hakuna televisheni, hakuna kununua hata chingamu, mpaka lizame tena Jumamosi. Mama aliifunika televisheni kwa kitambaa cheupe cha kufuma, ikakaa pale kama marehemu mwenye heshima zake.

Shikilia hapo kwenye Jumamosi, kwa sababu ndipo shida yetu yote ilipokaa. Mpira wa vyuo vya Marekani, ule wa helmeti na mabega ya bandia, huchezwa Jumamosi. Na kaka yangu Mokaya alikuwa anaucheza.

Chuo chake kilikuwa majimbo kadhaa kutoka kwetu. Sitakitaja, mashabiki wake hawana utani, na mimi mwenyewe karibu nitaanza kuomba nafasi vyuoni. Kazi ya Mokaya uwanjani ilikuwa kusimama peke yake nyuma kabisa, kungoja mpira uliopigwa juu hadi karibu upotee mawinguni, na kuudaka huku majitu kumi na moja yakimkimbilia kama yanamdai mahari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na niliona hiyo ndiyo kazi bora duniani.

Baba hakuiona hivyo. Baba alihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Aliwainua, aliwaogesha, aliwalisha. Ni mtu wa sauti ya chini. Siku Mokaya alipoondoka kwenda chuoni, Baba alimbebea sanduku mpaka kwenye gari, akalipanga vizuri lisitingishike, kisha akasema, "Nenda usome. Lakini mimi sitaketi kukutazama ukiichezea Sabato."

Mokaya akajibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto wa huku, kwamba hakuna aliyemwomba atazame.

Mama akaingia kati haraka. "Na mechi ikichezwa usiku, Baba Mokaya?"

Baba alifikiri, mkono bado uko kwenye sanduku. "Jua likishazama, hiyo ni siku nyingine. Hapo nitakuja hata kwa miguu."

Tukabaki na hilo neno. Miaka mitatu ya kwanza, mechi chache za usiku zilikuwa mbali mno, na Baba alikuwa kwenye zamu. Ukabaki mwaka mmoja, wa mwisho.

Aliyetuletea ratiba ya mwaka huo ni Papa Déo, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mtu wa Bukavu, msafishaji wa ofisi kule Arlington. Yeye kanisa lake ni la Jumapili, kwa hiyo Jumamosi yake ilikuwa huru, na aliitoa yote kwa timu ya Mokaya. Jezi yao aliivaa mpaka harusini, ndani ya koti. Jumapili moja ya baridi aliingia kwetu simu ikiwa juu ya kichwa kama anavuka mto.

"Kalandriye imetoka! Mama Mokaya, kuya uone!"

Tukamzunguka kwenye sofa. Hujawahi kuona watu wazima wakilia mpaka usome kundi la mashabiki mtandaoni siku ratiba ya ligi inapotoka. Wanaume wenye ndevu na wajukuu walikuwa wanalilia wiki ya mapumziko, eti imekuja mapema mno. Mmoja aliapa kwamba wapanga ratiba wana chuki na familia yake binafsi. Mwingine alitaka timu igome kwa sababu imepangiwa ugenini mara mbili mfululizo. Mimi niliwasoma kwa sauti, kila mmoja na kilio chake, Papa Déo akicheka mpaka jezi ikapanda tumboni.

Kisha kidole chake kikasimama. "Novembre banakuya hapa."

Hapa, kweli. Wangecheza na chuo kilicho mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu, kama barabara ya mzunguko haijakwama. Mama alikamata simu kwa mikono miwili.

"Saa ngapi?"

Mahali pa saa palikuwa patupu. Kila Jumamosi ilikuwa na tarehe na jina la mpinzani, saa hakuna. Papa Déo alituelezea kwamba saa hutangazwa siku chache tu kabla, na wanaoamua ni watu wa televisheni. "Ekipi ikikuwa nguvu, banaiweka usiku, dunia yote ione. Ikikuwa bule, saa sita ya muchana, batu bakiwa banakula. Njo vile."

Jikoni kisu kilinyamaza. Baba alikuwa anamenya viazi vitamu na kujifanya hasikii. "Kwa hivyo," akauliza bila kugeuka, "wakishinda sana wanacheza usiku?"

"Njo vile, Baba Mokaya."

"Mm," akasema Baba, na kisu kikaendelea.

Hivyo ndivyo mtu ambaye hajawahi kutazama hata mechi moja alivyokuwa shabiki mwenye roho ngumu kuliko wote. Ilipoanza Septemba, Jumamosi ilikuwa na utaratibu wake. Mchana hatukuuliza matokeo. Papa Déo aliyajua, na kwa heshima hakutuambia. Alikaa kwenye ngazi nje ya mlango wetu, ameyabana matokeo kama mtu anayebana haja, akingoja jua lizame. Baba alifunga Sabato kwa sala, akasema amina, na kabla amina haijatua sakafuni mlango ulikuwa wazi.

"Walishinda?"

"Balishinda!"

Sala zenyewe zilibadilika. Baba alianza kuwaombea "vijana wote wanaosafiri, pamoja na miguu yao." Kazini aliwauliza wazee wake maswali, na mzee mmoja akamchorea uwanja kwenye kitambaa cha karatasi. Mama alishusha koti zito la Baba mapema, akaliweka kwenye jua la dirishani. Nilipomuuliza Baba kama atapaka rangi usoni kama mashabiki wengine, aliniambia, "Kemunto, kaa chini ule," lakini mdomo wake ulikuwa unacheka pembeni.

Walishinda, wakashinda tena. Kisha ikaja ile Jumamosi ya mwisho wa Oktoba. Sala iliisha, mlango ukafunguliwa, na Papa Déo hakuingia.

"Nini?" Baba akauliza.

Papa Déo alimpa simu. Mpira ulikuwa juu angani, na chini yake alikuwa Mokaya peke yake, mikono tayari. Ukashuka. Ukamgonga kifuani, ukaruka, ukamponyoka, na yale majitu yakauangukia. Mechi ilipotelea hapo. Ilikuwa mara ya kwanza Baba kumwona mwanawe akicheza.

"Irudishe," akasema. Papa Déo akairudisha. "Tena." Mama alimshika mkono, "Baba Mokaya, inatosha," lakini akatazama tena, na kila mara alisogeza kidogo mikono yake mwenyewe, kama anamsaidia.

Siku chache baadaye saa ya mechi ya hapa kwetu ikatangazwa. Saa sita mchana.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na sauti za vijiko tu. Mama alisema neno moja, Alhamisi, akikunja nguo: "Mimi nitaenda." Hajawahi kukosa kanisa tangu nizaliwe. Mimi, mwenye utani wa kila kitu, nilitafuta hata mmoja nikaukosa.

Jumamosi asubuhi Baba alivaa suti, akawasha gari, Mama mbele na kofia yake ya kanisani, mimi nyuma. Tulifika kwenye kona ya kanisa. Gari halikukata kona. Nadhani sote tuliogopa kwamba tukiongea litakumbuka.

Maegesho ya uwanja yalikuwa moshi mtupu. Watu walichoma soseji nyuma ya magari yao, bia mkononi, na wengine walikuwa vifua wazi kwenye baridi ile, wamejipaka rangi kama kuta za shule ya chekechea. Mmoja alimwona Baba na suti yake, akapiga kelele, "Mchungaji! Karibu soseji!" Baba alimshukuru kwa adabu zote. Kisha akatugeukia.

"Nyinyi ingieni. Mimi niko hapa." Akarudi kwenye gari, akafunga mlango, akafungua kitabu cha somo la Sabato.

Mokaya alikuwa ametuachia nafasi tatu. Kiti cha katikati kilikaliwa na mkoba wa Mama. Mokaya alidaka mpira mara moja tu mchana kutwa, akaangushwa hapo hapo, na Mama akasimama akafoka kwa Ekegusii mpaka watu wa nyuma wakasahau kulalamikia kofia yake. Walifungwa. Baadaye wachezaji walipewa dakika chache za kuona jamaa zao kabla ya basi kuondoka. Mokaya alitujia nywele zikiwa bado zina maji, akanikumbatia, akatazama nyuma yetu.

"Baba yako yuko kwenye gari," Mama akasema.

Alitembea katikati ya magari haraka, kisha polepole. Nilimfuata nyuma nikiwa nusu mbio. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la uwanja, limekaa tu, halina haraka. Baba alishusha kioo. Wakatazamana. Mimi nilikuwa nangoja Baba aseme lolote, hata "umekonda."

Baba akasema, "Sabato njema."

Uso wa Mokaya ulijifunga. "Nimekuelewa," akajibu kwa Kiingereza, akageuka, akaenda kwenye basi. Baba alipandisha kioo taratibu mpaka mwisho. Njiani nilimwambia, nikilia, kwamba angalau siku hiyo moja angeacha kumsuta. Mama akasema, "Kemunto!" Baba aliendelea kuendesha.

Mokaya alimaliza chuo, akapata kazi mji mwingine. Hupiga simu Jumapili, huongea na Mama, huniuliza kuhusu shule. Baba husalimiwa kupitia kwetu, kama mtu aliyelazwa.

Mwezi uliopita nilipata kazi kwenye duka la aiskrimu, na meneja akanipangia Jumamosi. Nilirudi nyumbani nikinung'unika kwamba dini hii itaniua kwa kukosa marafiki. Mama alikuwa ananisuka. Alivuta nywele kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baba yako alifukuzwa kazi mbili kabla hujazaliwa. Ya kwanza Arlington. Walimwambia chagua, Jumamosi au kazi. Akarudi na sare kwenye mfuko wa plastiki. Ya pili hivyo hivyo." Akamaliza msuko mmoja, akaanza mwingine. "Siku sita bosi anampangia ale saa ngapi, aende chooni saa ngapi. Hiyo moja hakuna aliyewahi kumpangia. Alitaka kuwaachia nyinyi siku hiyo."

Baada ya hapo nilianza kumsikiliza Baba Jumamosi. Baba anampenda Papa Déo kama ndugu, lakini Jumamosi humwambia "Bonjour." Akikutana na mfamasia wetu njiani humwambia habari za asubuhi. Kuna shangazi mmoja aliyehama kanisa letu. Yeye hupata "hujambo" na kikombe cha chai. "Sabato njema" hampi mtu aliye nje. Humpa mtu anayemhesabu kuwa yuko ndani ya siku hiyo pamoja naye. Na yeye mwenyewe siku ile aliipitisha kwenye maegesho ya wachoma soseji, mbali na kanisa lake, karibu na Mokaya kadiri alivyoweza kusogea.

Nikampigia Mokaya nikamweleza yote, bila utani, mpaka akaniuliza kama naumwa.

"Kwa hivyo hakuwa ananisuta?" Mara hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Hapana."

"Sasa mbona hakusema?"

"Alisema," nikamwambia. "Alishusha kioo, akasema."