Jaribio la Ukoko

Mama alikwenda Kinkondja kununua samaki wakavu ili aje awauze hapa, karibu na kambi ya jeshi, akasema atarudi upesi. Mvua ikakata barabara, na nyumba yetu ya Kamina ikabaki mikononi mwangu. Asubuhi nilifundisha kemia kwenye shule ya sekondari. Mchana nilipanga foleni bombani. Jioni nilimwogesha baba, ambaye miguu yake imevimba tangu alipoacha kazi ya reli, kisha nikasonga bukari, ugali wa kwetu, na kusahihisha madaftari hadi mistari ikaanza kucheza.

Mbwa wetu alinifuata kote huko. Ni mbwa wa ulinzi, rangi ya vumbi, na kwetu mbwa wa namna hiyo haguswi: hutupiwa ukoko wa bukari ulioshika chini ya sufuria, basi. Lakini huyu alinisindikiza mpaka langoni mwa shule, na nilipotoka nilimkuta amejilaza kando ya mtaro. Niliposahihisha aliweka kichwa juu ya mguu wangu. Nikauzoea uzito ule. Nikaanza hata kumsemesha.

"Ile mbwa inakupenda sana, yaya," mdogo wangu wa kike akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Inapenda ukoko."

"Weye kila kitu unabishaka! Hata Mungu akikuita, utamuuliza karte yake ya kitambulisho kwanza."

Baba akacheka kitini. "Mama," akaniita, kama baba wa kwetu anavyomwita binti yake, "njo masomo ya Lubumbashi hii?" Yaani, ndiyo haya niliyokwenda kusomea huko?

Nilicheka nao, lakini swali likanikaa. Kila aliyeniita nyumbani mle alikuwa na haja: maji, dawa, sabuni. Nilitaka kujua kama yupo kiumbe mmoja anayenifuata bila kutaka kitu. Nikafanya ninavyowafundisha wanafunzi: badilisha jambo moja tu, mengine yaache yalivyo. Nikamkabidhi mdogo wangu kazi ya kumlisha. Mimi ningeendelea kumsemesha.

Mwanzoni mbwa alisitasita, akitutazama kwa zamu. Kabla juma halijaisha alikuwa akimsindikiza mdogo wangu. Asubuhi moja nilivuka reli, nikageuka, nyuma yangu hapakuwa na kitu. Jioni nilimwita, akatikisa mkia mara moja, kwa adabu, akabaki miguuni pa mdogo wangu.

Kumbe nilikuwa sahihi. Nilidhani kuwa sahihi kungenipumzisha kidogo. Badala yake nilikaa na kalamu nyekundu, mguu mwepesi, nikijiuliza ni mapenzi gani basi yasiyopitia jikoni. Mimi mwenyewe, mama aliponitoka machoni, nilianza kumkumbuka siku nilipoushika mwiko wake.

"Nirudishie kazi ya mbwa," nikamwambia mdogo wangu.

"Aa! Si ulisema ni ukoko tu?"

"Njo ukoko," nikakiri. "Nirudishie."

"Bure? Hapana, yaya. Utaosha masufuria yote mpaka mama arudie. Na masahani."

"Masahani ni yako."

"Basi mbwa naye ni yangu."

Madaftari ya darasa zima yalikuwa hayajaguswa, na maji ya baba yalikuwa bado jikoni. Nikakubali. Nikachuchumaa uani na sufuria katikati ya magoti, nikaanza kukwangua kwa kijiko, polepole na kwa kelele, ili mbwa asikie.