Kumwondoa Mtu Wetu

Mwaka fulani wajukuu zangu walinuna siku mbili kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuishi. Mchezo wa runinga waliokuwa wakiufuata tangu wakiwa shule ya msingi ulimwondoa daktari waliyempenda kuliko hata wajomba zao. Asubuhi alipanda gari, jioni tukaambiwa gari limepinduka, na wiki iliyofuata wenzake walikuwa wanakula na kucheka. Mjukuu mkubwa akaniuliza, "Bibi, ungekuwa wewe ungemwondoaje?" Nikamwambia akaoshe vyombo. Alidhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira, maana niliwahi kupewa kazi hiyo hiyo na niliiharibu vibaya.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka mji wa Shinyanga. Nilikuwa mke mpya, mtoto sina, mdomo ninao. Pamba ikishavunwa, wanawake wa nyumba saba au nane tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiichambua: safi huku, fifi kule. Fifi ni ile iliyoharibiwa na wadudu ikawa ya njano, na karani wa soko akiikuta ndani ya safi anakurudisha na mzigo wako mbele ya watu. Kwa hiyo unainama kutwa nzima juu ya ngozi ya ng'ombe iliyojaa pamba, mgongo unauma, nyuzi zinakuingia puani, na macho hayana pengine pa kwenda. Kazi kama hiyo inataka hadithi.

Lakini hadithi hazikusemwa mchana. Tuliambiwa ukisimulia jua likiwaka, msafiri wa nyumba hiyo anapotea njia ya kurudi. Na nyumba karibu zote zilikuwa na msafiri: huyu mumewe yuko kwenye dhahabu upande wa Geita, yule kaka yake yuko kwenye almasi. Nani angethubutu? Ndipo nilipopata ujanja, na niliringa nao sana. Nilisema, "Mimi sisimulii hadithi. Hii ni habari ya kweli ya mtu." Habari hazina mwiko. Kila asubuhi nilianza kwa maneno hayo hayo, wakubwa wakanyamaza, kazi ikaenda.

Mtu mwenyewe sikumpa jina, tukawa tunamwita Mtu Wetu. Alikuwa amechimba dhahabu huko Rwamgasa, akapata kiasi cha kununua cherehani, akajitwika kichwani ampelekee mkewe. Tangu hapo yuko njiani na hafiki, kwa sababu hajui kukataa. Mchimbaji mwenzake amechanika suruali, anashona. Ushirombo kuna watoto wa kubatizwa, anakaa mwezi mzima anashona kanzu. Lori limeharibika, anawashonea turubai, kisha wanaondoka na kumsahau. Mimi sijawahi kufika huko. Majina ya mahali niliyapata kwa wanaume waliorudi, niliowapa maji ya kunywa na kuwachokonoa kwa maswali. Misimu minne Mtu Wetu alitembea na cherehani yake, na wanawake walimgombeza kama mume: "Mpumbavu huyo, si apite tu!" Kesho yake ndio hao hao wanaowahi kufika.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa jirani yangu. Alinizidi miaka kama sita, nikimwita dada. Mumewe alikuwa Rwamgasa, mwaka wa tatu huo, na salamu zake zilikuja kwa midomo ya watu, kisha zikapungua. Mwaka mmoja kabla, dada huyu alikuwa amemzika mtoto wake wa kiume, akabaki na binti mdogo. Baada ya msiba aliketi mlangoni miezi mitano hasemi. Chakula kikiletwa kinarudi kilivyo. Msimu wa pamba ulipofika tulimshika mkono tukamketisha kati yetu, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake lilikuwa swali kwangu: "Na hiyo cherehani hainyeshewi?" Sote tuliacha mikono hewani. Nilimjibu kwamba Mtu Wetu ameifunika kwa shati lake, yeye analowa. Akatikisa kichwa, akachukua pamba. Tangu siku hiyo mama mkwe wake aliniletea mtindi kila wiki, na mimi nikajiona mganga.

Msimu wa nne, mama mkwe huyo alinifuata kisimani asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tua mtungi."

Nikatua.

"Mwanangu amekufa," akasema.

Alikuwa amepita mtu anayerudi kwao kusini, hata kuketi hakuketi. Alisema mambo matatu: ilikuwa homa, ilikuwa wakati wa masika, na amezikwa huko huko. Akaenda zake. Yule mama alikuwa amekaa na habari hiyo siku nne, analilia nyuma ya ghala la mtama, kisha anarudi kukoroga uji. Shanga zake za shingoni alikuwa amezivua, watu wakimwuliza anasema zinamwasha.

"Mkewe hajui," akaniambia. "Nikimwambia hivi hivi atarudi pale mlangoni, na safari hii hatanyanyuka. Wewe ndiye uliyemtoa pale. Sasa huyo mtu wako wa kwenye pamba, muue. Lakini taratibu. Mwenzako alie, azoee kulia. Akishazoea, nitamwambia ya kwake."

Ningeweza kusema hapana. Sikukubali kwa huruma peke yake, nilikubali kwa sababu nilijivuna. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunikabidhi jambo kubwa namna ile.

Nikaona kwanza nimfanye wamchukie, akifa wasiumie sana. Nikasema ameuza cherehani akainywea pombe. Mama mmoja alinirushia fifi usoni. "Huyo siye! Waliokuletea wamekudanganya." Kesho yake ikabidi niseme kweli nilidanganywa, alikuwa mlevi mwingine anayefanana naye. Nikafikiria kumpeleka Kongo, apotelee huko, lakini nilijua anayekwenda mbali ndiye anayengojwa zaidi. Ikabaki maradhi. Nikamwanzishia kikohozi.

Dada yule hakukubali. Kila siku alikuja na dawa: mwambie achemshe mizizi fulani, mwambie asilale chini, mwambie cherehani aitue, mbona inamlemea? Nilijibu amekunywa, hakupona. Akabadilisha mizizi. Nilikuwa narudi nyumbani sitaki kula. Kisha siku moja akasema, na uso wake ukafunguka, "Mdogo wangu, mume wangu si yuko huko huko Rwamgasa? Mpeleke kwake. Ni mtu wa huruma, hatamwacha mgonjwa."

Wanawake wote waliinua vichwa. Mama mkwe wake alikuwepo siku hiyo, ameketi karibu yangu. Yeye peke yake hakuinua, ila mikono yake ilisimama juu ya pamba. Ningejibu nini? Kwamba hayupo? Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hata mimi nimeambiwa ndiko alikokwenda."

Hapo ndipo nilipoharibu. Wiki mbili nzima nilimfufua marehemu mbele ya mama yake mzazi. Nikamfanya achote maji, apike uji, amgeuze mgonjwa ubavu. Nikamfanya avume wimbo puani akiwa kazini, jambo alilokuwa akilifanya kweli na kijiji kizima kililijua. Dada yule alipiga makofi. "Ndiye huyo! Ndiye mwenyewe!" Hakuwa mjinga. Alijua naongeza chumvi. Lakini alijua pia kwamba naongea na wanaume wanaorudi, na ule wimbo wa puani aliamini nimeupata kwao. Mama mkwe wake alikuwa akisikiliza mwanawe anapika uji, na mtindi hakuniletea tena.

Siku niliyomuua Mtu Wetu nilimuua vizuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile. Wanawake walilia hadi kazi ikasimama. Dada alilia kuliko wote, akapiga magoti, akaomboleza kama tunavyoomboleza mtu wa damu. Nikawaza, ameanza kuzoea. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akavuta pumzi, akasema, "Namshukuru Mungu. Maskini hakufa peke yake. Amefia mikononi mwa mume wangu, na mume wangu amemzika." Na alikuwa na furaha. Niliiona wazi, wala hakuificha. Nikajua kwamba kilio chote nilichomtafutia amekilia kwa mtu mwingine.

Siku ya tatu mama mkwe akasema haiwezekani kungoja zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tulikwenda asubuhi, yeye, shemeji mkubwa wa nyumba ile, na mimi, kwa sababu mama alisema, "Wewe anakusikia." Lilikuwa kosa jingine, na sote watatu hatukuliona. Dada alikuwa anafagia uwanja. Mama mkwe alimshika mkono, akamketisha kigodani, akamwambia bila kuzungusha kwamba mumewe hayupo tena duniani.

Dada alimtazama, akamtazama shemeji, akanitazama mimi. Akatabasamu.

"Na huyu mmekuja naye?"

"Ni kweli, dada," nikasema.

"Kila asubuhi unasema ni kweli."

"Dada, ya leo ni kweli."

"Haya. Amekufaje?"

Nikamwambia nilichokuwa nacho: homa, wakati wa masika, amezikwa huko huko. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kusema, sikuongeza kitu.

"Basi?" akauliza. "Habari za Mtu Wetu umezileta mwezi mzima, amekohoa, amegeuzwa, amenyweshwa uji. Za mume wangu ni maneno matatu?" Mama mkwe akaanza kulia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana muda wote ule, lakini dada hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi. "Na kama alikufa masika, Mtu Wetu juzi alizikwa na nani?"

Ningesema Mtu Wetu hayupo, hajawahi kuwepo, ni mimi tu na mdomo wangu. Nilisema, hatimaye nilisema, nikiwa nalia, lakini nani anamwamini mwongo anapokiri kwamba ni mwongo? Alinifuta machozi kwa kanga yake. Alidhani nimelazimishwa na ukweni wapate kumrithisha kwa shemeji.

Matanga yalikaliwa bila mjane. Watu walinyoa, yeye akasuka. Siku ya pili alimwacha binti yake kwa bibi, akafunga unga na chumvi, akapata lori la mfanyabiashara hadi Ushirombo, kutoka hapo akatembea. Anamfuata mumewe, alisema, amwambie jinsi nyumbani wanavyomzushia kifo. Nilimkimbilia barabarani nikamshika mzigo. Akautoa mikononi mwangu polepole, akaniambia nisimwogopee, kule si ana mtu.

Alirudi baada ya miezi miwili, pamba ya mwisho ikiwa bado haijaenda sokoni. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa wembe wa kuazima na alikuwa na makovu juu ya masikio. Kilichotokea alimwambia mama mkwe wake peke yake, naye akaniambia mimi, sijui kwa kuniadhibu au kwa kukosa mwingine wa kumwambia. Alifika Rwamgasa akauliza. Wengi walikuwa wageni, hawakumjua mumewe. Aliyemkumbuka alimpeleka pembeni ya kambi, penye matuta ya udongo yasiyo na alama. Hakuwa na hakika ni lipi. Akamwonyesha kwa mguu: kati ya hapa na pale. Dada aliketi kati ya hapa na pale siku nzima, kisha akaazima wembe.

Juma lililofuata alikuja kuchambua. Aliketi mahali pake, akaanza kutenga safi na fifi kwa haraka na bila kukosea. Mimi nilikuwa sijafungua kinywa kwenye pamba tangu aondoke. Unasikia hata mbegu zikidondoka. Mama yule aliyenirushia fifi hakuvumilia. Alikuwa na nia njema, hilo nalijua.

"Mke wa mwenzetu," akaniambia, "kwani ni lazima awe amekufa kabisa? Tuseme alizimia tu. Turudishie Mtu Wetu, hata kwa leo, huyu dada yako apate kucheka."

Wengine wakaitikia kwa sauti za chini. Nikainua macho. Nakiri kwamba tayari nilikuwa nimeona namna ya kumrudisha, ilikuja yenyewe, na ilikuwa nzuri.

Dada hakuinua kichwa. "Msimwombe," alisema. "Akimrudisha, nitaanza kungoja tena."