Turbo Huzimwa Baada ya Amina

Baba aliendesha lori miaka mingi, akipitia Mwingi kwenda Garissa na kurudi, na hakuwahi kusinzia kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Ukimweka kiti cha abiria, mguu wake wa kulia hukanyaga breki isiyokuwepo safari nzima. Macho yalipofifia aliacha usukani, lakini mguu haukustaafu.

Nilipojinunulia gari kuukuu la turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, nilitaka jambo moja tu: nimpeleke kila mwezi Mutomo kwa dada yake. Mimi ni mwalimu Kwa Vonza, Jumapili nafundisha watoto kanisani, na gari lenyewe ni la aina wanayoipenda vijana. Waliocheka wacheke. Baba hakucheka. Yeye huniita mwaitu, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake, na mama hachekwi.

Safari ya kwanza gari lilipanda vilima likihema. Tulipofika nilizima injini papo hapo, maana kwetu safari hufungwa kwa sala kabla mlango haujafunguliwa, na nani ataomba injini ikinguruma? Baba aliombea mvua, mbuzi, wajukuu na barabara, kisha akageuka.

"Mwaitu, hii gari yako haipumui. Mimi nitarudi na basi."

Na kweli akarudi na basi. Nililifuata nyuma, peke yangu, nikilia kwa hasira hadi Kitui.

Hasira hasara, na mimi nilihakikisha. Nilikesha kwenye simu nikitazama video za watu wanaoongeza nguvu za magari kwa bei nafuu, nikanunua bomba pana la moshi na filta ya hewa ya wazi, ya sponji, isiyo na boksi. Filta ile, nadhani, ilibuniwa na mtu ambaye hajawahi kuliona vumbi letu la Agosti. Ilivuta vumbi, ikavuta na joto la injini. Kelele zikaongezeka, nguvu zikapungua, na nikiwasha asubuhi moshi wa bluu ulitanda uani. Jumapili moja mchungaji alinyamaza katikati ya matangazo, akingoja nimalize kuegesha.

Mwishowe nilimeza kiburi, nikalipeleka gari kwa baba. Aliniambia niwashe, akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hii sponji toa. Rudisha boksi ilikuja nayo."

Kisha akamwita jirani anayeziba pancha, aje na mashine yake ya upepo. Tuliziba njia ya hewa ya turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jirani akajaza upepo kidogo kidogo, nami nikapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira wa kupitisha hewa, kama mtu anavyotafuta tundu la tyubu. Baba haoni mapovu, lakini aliyasikia kabla yangu.

"Hapo, chini ya mkono wako. Na ingine huko nyuma."

Sehemu tatu zilikuwa zikivuja. Tukaweka klipu mpya, mpira mmoja, plagi, na oili nzuri. Basi. Bomba pana nililitoa pia, nikampa jirani, naye akaligeuza kuwa nguzo ya kutundikia tairi.

"Nguvu ilikuwa tu," baba akasema. "Wewe ulikuwa unaimwaga njiani."

"Na hii moshi?"

"Hiyo ni wewe. Unafika turbo ikiwa moto kama jiko, alafu unazima saa hiyo hiyo. Oili inaungulia ndani."

"Baba, si nazima ndio uombe!"

Alicheka hadi akashika boneti kwa mikono miwili. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aache lori. "Mungu alinisikia kwa lori miaka hiyo yote. Wacha iwake mpaka amina."

Wapo wanaonunua kifaa cha kuchelewesha injini kuzima. Turbo yangu inahitaji kama dakika mbili kupoa. Sala ya baba haijawahi kupungua nne. Moshi wenyewe ulipungua wiki baada ya wiki.

Mwezi uliofuata alikubali kupanda. Tulipoupita mji wa Kitui na kuanza kupanda kilima, nilikanyaga mafuta, gari likavuta kama kwamba barabara imelazwa. Furaha ilinijaa hadi kooni. Nikageuka nipokee sifa zangu.

Baba alikuwa amelala. Mdomo wazi, kofia mapajani, mguu wa kulia umepumzika juu ya wa kushoto.

Niliondoa mguu wangu kwenye mafuta polepole. Nguvu zote nilizozihangaikia nikaziacha zilale naye, lori la mchanga likatupita, nami nikaliacha lipite.

Uani kwa shangazi niliegesha, injini ikinguruma, na hakukuwa na mtu wa kuomba. Nikaomba mimi. Nikaombea mvua, mbuzi, wajukuu na barabara, na nilipofika kumwombea yeye, nikautazama tu ule mguu uliopumzika. Halafu nikasema amina.

"Sasa zima, mwaitu," akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa.