Shamba la Mbalizi na Bakuli la Kunawia

Kwa nini watu wasiotujua walikubali kutupa shamba, hali mfanyabiashara mwenye lori walikwisha kumnyima? Nilirudi Iringa na swali hilo.

Safari ilikuwa ya baba, seremala wa misheni pale Tosamaganga. Alikuwa anakaribia kuacha kazi, na shamba la babu walikwisha kuligawana na ndugu zake hadi vikabaki vipande vya kupanda vitunguu. Kwingineko kulikofaa kulikuwa kumechukuliwa na masetla wa Kizungu, au na waliowahi. Kisha akasikia kwamba Mzee Mwazembe wa Mbalizi anahamia kwa mwanawe na kuacha shamba. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni Kampala. Baba alinichukua kwa sharti moja: ninyamaze.

Iringa, alfajiri. Baridi ilikuwa kali, na mama alitufungia viazi vya kuchemsha. Basi lilipoondoka nilimwuliza baba mtu anauzaje ardhi ambayo serikali inasema si yake. Akanipa kiazi.

Karibu na Makambako, mchana, basi lilikwama matopeni. Tulilisukuma tukiimba, utingo akituongoza kama mwalimu wa kwaya. Koti la baba la kanisani liligeuka rangi, naye akacheka kuliko wote.

Mbeya, jioni. Tulilala kwa mama mmoja muuza vitumbua, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Ndiye aliyetueleza desturi ya kule. Mwenye shamba hakaribishi mgeni peke yake. Majirani huitwa kula, na asiyemtaka mgeni hanawi mikono; akikataa hata mmoja, shamba halitolewi. Yule mfanyabiashara mwenye lori, aliyelitaka shamba hilo hilo, hakunawiwa na hata mmoja. "Alirudi mjini na njaa yake," alisema, akatuongezea chai.

Mbalizi, asubuhi. Udongo ulikuwa mweusi, migomba imenenepa, mibuni imejipanga hadi kijitoni. Mzee Mwazembe alitaka fidia ya mimea na jasho lake tu. Udongo, alisema, hakuuumba yeye. Wakaelewana upesi. Sasa ikabaki ugali, maharage, na bakuli la maji.

Majirani wawili walinawa. Mama Tabu, ambaye shamba lake lilipakana na kahawa ya setla, aliacha mikono yake ndani ya kanga. Baba aliutazama ugali kama mtu anayeuaga. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ule uzio wa setla ulikuwa pale tangu zamani?"

"Ulikuwa ng'ambo ya kijito."

"Nani aliusogeza?"

"Unasogea tu wenyewe, mwanangu. Kila mvua zikiisha."

"Na bwana shauri wa serikali, pale boma, alisemaje mlipomwuliza?"

Mama Tabu na Mzee Mwazembe walitazamana.

"Lakini mlimwuliza?"

Mzee Mwazembe alicheka mpaka akakohoa. "Fundi, huyu binti yako huwa analala?"

"Akichoka," alijibu baba kwa unyonge.

Nilitumwa kijitoni kuchota maji, nadhani ili ninyamaze. Niliporudi, Mama Tabu alikuwa anakula, na baba alikuwa na shamba.

Njia nzima ya kurudi baba aliimba. Kilichowapendeza, alidai, ni lile koti. Mimi nilirudi na somo ambalo chuoni sikulipata: kule ulilipia jasho la aliyekutangulia, na ujirani hukuweza kuulipia kabisa.

Tangu hapo kila likizo baba aliniita Mbalizi, mara kupalilia, mara kuvuna. Na kila mara Mama Tabu aliniomba nimsindikize mjini kununua chumvi, tukapita boma, nikauliza habari za uzio. Uliacha kusogea. Baadaye ukarudi ng'ambo.

Miaka mingi ilipita, na baba alikwisha kuzikwa kando ya mibuni yake, ndipo Mama Tabu aliponiambia waliyoyazungumza nilipokwenda kuchota maji. Majirani walikubali kumpa baba shamba iwapo tu atanileta mimi kila likizo. Na chumvi, alisema, alikuwa nayo nyumbani debe zima.